EDWARD STEERE, NGANO ZA WATOTO NA MTAMBO WA CHAPA: KUTOKA UNGUJA HADI UNYANYEMBE

1.0 UTANGULIZI

Edward Steere anafahamika zaidi miongoni mwa wanaisimu kama mwandishi wa sarufi na mfasiri wa Biblia. Aghalabu husahaulika kwamba alikuwa pia mwalimu wa watoto, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ya lugha ilitokana na haja ya darasani: kuwapatia watoto kitu cha kusoma. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa kuzingatia upande huo. Hoja kuu ni kwamba mtambo wa chapa, uliokuwa teknolojia mpya kabisa katika madarasa ya Unguja ya karne ya 19, ulifaulu kwa sababu ulilishwa ngano; lakini kufaulu huko kulikuwa na gharama ambayo wasomaji wa bara, hususan wa njia ya misafara ya Tabora, waliilipa pamoja na wasimulizi wenyewe.

2.0 MALEZI NA SAFARI YA AFRIKA

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Kazi ya uwakili, hata hivyo, haikumshika. Mwaka 1856 aliingia katika ukasisi wa Kanisa la Anglikana, akatumikia parokia ndogo za mashambani nchini Uingereza. Huko alifungamana kwa urafiki na kasisi William Tozer. Tozer alipoteuliwa mwaka 1863 kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), Steere alifuatana naye.

Misheni hiyo ilikuwa imeanzia katika bonde la mto Shire, kusini mwa Ziwa Nyasa, ambako maradhi, njaa na vita viliwamaliza wengi wa watu wake. Mwaka 1864 Tozer na Steere waliamua kuhamia Unguja. Uamuzi huo, uliolaumiwa na baadhi ya watu huko Uingereza kuwa ni kurudi nyuma, ndio uliomweka Steere mahali palipokutana njia mbili kuu za masimulizi: njia ya bahari iliyotoka Uarabuni na Bara Hindi, na njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Unyanyembe hadi Bagamoyo.

3.0 DARASA LA KWANZA

Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliokuwa wametekwa kwa ajili ya utumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Tozer mwaka 1864. Baadaye waliongezeka wengine waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Watoto hawa hawakuwa na lugha moja ya mama. Walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na kilichowaunganisha ni Kiswahili walichokiokota njiani na pwani. Darasa la Steere, kwa hiyo, lilikuwa mfano mdogo wa jambo lililokuwa likitendeka kwa upana katika njia nzima ya misafara: Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni kwa wageni.

Tatizo la mwalimu lilikuwa wazi. Watoto walifundishwa kusoma, lakini hapakuwa na vitabu vya kusoma. Maandishi ya Kiswahili yalikuwepo tangu zamani, nayo yalikuwa mengi, kwa hati ya Kiarabu: tenzi, barua na hati za biashara. Misheni ilichagua hati ya Kirumi, na kwa uchaguzi huo ilijitenga na hazina hiyo. Ilibidi maktaba ianzwe upya, ukurasa baada ya ukurasa.

4.0 MTAMBO WA CHAPA KAMA CHOMBO CHA KUFUNDISHIA

Hapo ndipo mtambo wa chapa ulipoingia. Steere alijua kuutumia, na aliwafundisha wavulana wa shule kazi hiyo. Mpangaji alichukua herufi za risasi moja moja, akazipanga kinyumenyume katika mstari, akaupitia mstari kwa vidole na macho, kisha herufi zikatiwa wino na karatasi ikagandamizwa juu yake. Mtoto aliyeifanya kazi hiyo alilazimika kuliangalia neno kwa namna ambayo msomaji wa kawaida haiangalii: silabi zake, mipaka yake, viambishi vyake. Mmoja wa wanafunzi hao, Owen Makanyassa, alifikia hatua ya kuusimamia mtambo. Kwa hiyo vitabu vya mwanzo vya shule ya Unguja vilichapwa kwa mikono ya walewale waliokuwa wakivisoma.

Kwa mintarafu hiyo, ni muhimu kutazama kile kilichochapwa. Mwaka 1867 ilitokea Hadithi za Kiingereza, kijitabu chenye hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, mojawapo ikiwa ile ya mfanyabiashara wa Venisi. Steere hakufasiri tamthilia zenyewe. Alitumia kitabu ambacho Charles na Mary Lamb walikuwa wamewaandikia watoto wa Uingereza mwaka 1807, ambamo tamthilia zilikuwa zimegeuzwa kuwa hadithi za nathari. Shakespeare, basi, aliingia katika Kiswahili kwa mlango wa fasihi ya watoto.

5.0 NGANO ZA UNGUJA

Kazi iliyofuata ilikwenda upande wa pili. Badala ya kuleta hadithi za Uingereza kwa watoto wa Unguja, Steere alikusanya zile walizosimuliana wenyeji. Aliporudi Uingereza kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1860, alikwenda na maandishi yake, na mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili: mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili na mkusanyo wa ngano za Unguja pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Vitabu hivyo viwili vilitegemeana. Sarufi ilihitaji matini za kuithibitisha, na ngano zilitoa Kiswahili kilichosemwa na watu, si kilichotungwa na mgeni.

Ngano hizo zinaonyesha mkutano wa njia uliotajwa hapo juu. Kisa cha punda wa dobi, pamoja na kima anayemhadaa papa kwa kudai kuwa ameuacha moyo wake nyumbani, kina ndugu zake katika hekaya za kale za Bara Hindi zilizopitia Kiarabu. Visa vya sungura na simba vina ukoo na visa vinavyosimuliwa bara, Unyamwezini kukiwemo. Kisa cha Liongo ni cha pwani yenyewe.

Kisa cha Sultani Darai kinastahili kutajwa peke yake. Maskini mmoja anayechakura jaani anamnunua paa kwa fedha kidogo; paa anamtafutia almasi, mke na jumba la fahari. Wanaojua ngano za Ulaya watamkumbuka paka aliyevaa viatu katika mkusanyo wa Charles Perrault wa mwaka 1697. Lakini mwisho wake ni tofauti kabisa. Paa anapougua, bwana wake anamdharau na kumnyima matunzo mpaka anakufa. Na bwana anaamka siku moja akijikuta jaani kama mwanzo. Ngano ya Perrault inamtuza mjanja. Ile ya Unguja inamhukumu asiye na shukrani.

6.0 LUGHA YA UNYANYEMBE

Steere hakuwahi kufika Tabora. Safari zake za bara zilielekea kusini: mwaka 1875 alikwenda kwa Wayao karibu na Ziwa Nyasa, na mwaka 1876 aliwapeleka watu waliokombolewa utumwani wakaanzisha makazi ya Masasi. Hata hivyo, Tabora ilimfikia. Kila mwaka wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani kwa maelfu wakiwa na pembe za ndovu, wakirejea na nguo, ushanga na bidhaa nyingine. Miongoni mwa kazi zake za isimu mna mkusanyo wa sarufi na msamiati wa Kinyamwezi kama kilivyosemwa Unyanyembe, sambamba na mikusanyo ya Kishambala, Kiyao na Kimakonde.

Mkusanyo huo unafichua mpaka wa kazi yake. Kwa Kiunguja alitoa sarufi na ngano. Kwa Kinyamwezi alitoa sarufi na msamiati tu. Mpagazi alihesabiwa kuwa msemaji wa lugha, lakini hakuhesabiwa kuwa fanani. Hali kadhalika, Kiswahili cha njia ya misafara, kilichochanganyika na lugha za bara na kusemwa kambini kutoka Ugogo hadi Ujiji, hakikupewa kitabu. Kilichopata mtambo kilipata umbo la kudumu. Kisichoupata kilibaki mdomoni.

7.0 MIAKA YA MWISHO NA URITHI

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, misheni ilipata sehemu ya kiwanja hicho, na siku ya Krismasi mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879. Katika miaka hiyo aliendelea kufasiri Maandiko, kujenga na kuendesha shule. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa katika kanisa hilo.

Urithi wake uliipanda njia ya misafara bila yeye. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, lahaja hiyo ilikuwa tayari na sarufi, matini na vitabu vya shule kuliko nyingine nyingi. Mtoto wa Tabora alifundishwa kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha baba yake mpagazi. Tabora nayo ilipata mtambo wake: Tanganyika Mission Press, huko Kipalapala, ambao katika karne ya 20 ulitoa vitabu vingi vya Kiswahili.

Kijana mmoja aliyesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, kisha akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria mjini humohumo, alikuja kumaliza jambo ambalo Steere alilianza. Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi. Hadithi iliyokuwa imepangwa herufi kwa herufi na watoto waliokombolewa utumwani, miaka 102 kabla, ilirudi ikiwa tamthilia kamili, kwa kalamu ya msomi aliyelelewa na shule za Tabora.

8.0 HITIMISHO

Maisha ya Steere yanaonyesha kwamba teknolojia ya darasani haijitoshelezi. Mtambo wa Unguja ulizaa wasomaji kwa sababu uliwapa watoto hadithi, na kwa sababu watoto wenyewe waliushika. Pamoja na hayo, jalada la mkusanyo wa mwaka 1870 linawataja wasimulizi kwa jumla tu, kama wenyeji wa Unguja, na ngano za wapagazi hazimo kabisa. Kisa cha Sultani Darai kinafunza kwamba anayemsahau aliyemletea utajiri huupoteza. Kwa watafiti wa fasihi ya watoto, deni hilo bado liko katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji: kuzikusanya ngano za Unyanyembe kwa majina ya wanaozisimulia, na kuzirudisha katika madarasa ya Tabora kwa chombo chochote ambacho zama zitakileta.