Mtwa Mkwawa wa Uhehe na Funzo Lake kwa Wana-Ushirika

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa, pamoja na hesabu za mazao, kutia habari za mtu mmoja wa kale ambaye jina lake halisahauliki katika nyanda hizi za juu. Huyo ni Mtwa Mkwawa wa Uhehe. Sisi wa Njombe na Makambako si raia zake, wala babu zetu hawakuwa na sababu ya kumpenda. Hata hivyo maisha yake yatuhusu sana.

Mkwawa alizaliwa Luhota, karibu na Iringa, yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliwakuta Wahehe wamegawanyika katika tawala ndogo ndogo, akaziunganisha kuwa nchi moja. Munyigumba alipofariki mwaka 1879, Mwambambe aliunyakua utawala, na kijana Mkwawa akalazimika kukimbia. Baadaye alirudi, akamshinda mpinzani wake, akakitwaa kiti cha baba yake.

Ndipo nguvu za Uhehe zilipoenea. Merere wa Usangu alifukuzwa nchini mwake, akajenga ngome Utengule, karibu na Mbeya. Ubena wetu nao ulivamiwa mara kwa mara. Ng'ombe waliswagwa, watu walitekwa. Hatulifichi jambo hili, maana sifa za shujaa hazina thamani zikisimuliwa nusu.

Wajerumani walipotaka kumtiisha Mkwawa, walimtuma Emil von Zelewski na jeshi lenye bunduki na mizinga. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashujaa wa Kihehe waliinuka kutoka maficho yao, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao tu. Zelewski aliuawa pamoja na askari zaidi ya 200. Wajerumani walirudi mwezi Oktoba 1894, wakaipiga Kalenga kwa mizinga na kuibomoa. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka 4. Zawadi ya rupia 5,000 iliahidiwa kwa atakayemleta, lakini raia zake waliendelea kumlisha na kumficha. Mwishowe, tarehe 19 Julai 1898, alipoona amekwisha kuzingirwa pale Mlambalasi, alijipiga risasi asipate kushikwa akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, lakini fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954 tu, likapokewa na mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Ndugu wanachama, tujiulize: mtu hodari kiasi hiki alishindwaje? Bunduki na mizinga vilifanya kazi yao, lakini siyo peke yake. Ndani ya Uhehe palikuwa na umoja. Nje ya mipaka yake palikuwa na majirani wenye majeraha. Merere aliungana na Wajerumani, nao wakamrudisha Usangu. Milima yetu ya kusini, ambako Wapangwa na Wakinga walijua kuyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki, haikumletea Mkwawa msaada. Nani amsaidie aliyemteka nduguye?

Deni hilo lililipwa mara ya pili. Mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Mbeyela wa Ubena aliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Safari hii Wahehe hawakuinuka, na jeshi la Wajerumani lilitoka Iringa ile ile. Ubena ulichomwa, kisha njaa ikafuata.

Munyigumba na mwanawe walijenga umoja wenye nguvu, lakini kwa majirani ulifika kwa ncha ya mkuki. Umoja wa ushirika hujengwa kwa hiari, kila mwanachama akiwa na kura moja, awe mwenye ekari nyingi au nusu ekari. Chama kikubwa kikimdhulumu chama kidogo katika mizani au malipo, siku ya shida kitasimama peke yake, kama Kalenga ilivyosimama.

Twawashauri wanachama wapitao barabara ya Makambako kwenda Iringa wafike Kalenga, walione fuvu la Mtwa katika makumbusho. Wakisimama pale, wamheshimu shujaa, na wawakumbuke pia babu zetu waliomkimbia.