Fritz Pollard: Mcheza Ugenini Aliyechelewa Kutunzwa

Wahenga wetu wa mwambao walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Neno hili ni kweli, nami sina ugomvi nalo. Ila liko jambo moja ambalo wahenga hawakutwambia: yule ambaye kwao hakupewa uwanja wa kuchezea, afanyeje? Akae barazani amekunja mikono, au atie nguo zake mkobani ashike njia? Na akisha kucheza ugenini akawashinda wenyeji, nani wa kumtunza?

Leo, msomaji wangu, nakuletea maisha ya bwana mmoja wa Marekani aliyeishi na swali hilo miaka 92. Jina lake kamili ni Frederick Douglass Pollard, lakini ulimwengu wa michezo ulimjua kwa jina la Fritz. Yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, na ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kushika usukani wa timu ndani ya ligi hiyo, mahali ambapo wenyewe hupaita kwotabeki. Huenda jina hili hujapata kulisikia. Si ajabu, kwani Wamarekani wenyewe walilisahau kwa muda mrefu.

Kabla sijaendelea, yafaa nikueleze mchezo wenyewe, maana si kandanda hii yetu. Mpira wake umechongoka ncha mbili, hushikwa kwa mikono, na kila timu ina watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Wakishindwa, huwaachia wapinzani wao. Kwotabeki ni mfano wa nahodha wa jahazi. Kwa amri yake wenzake hujua nani akimbie, nani azuie, na mpira uelekee wapi. Aliyewekwa mahali hapo, maana yake wenzake kumi wamekubali kuongozwa naye. Ndiyo sababu kwa miaka mingi Wazungu wa Marekani hawakupenda kumwona mtu mweusi amesimama hapo. Mbio zake walizikubali, na nguvu zake walizikubali; amri walitaka ibaki mikononi mwao.

Pollard alizaliwa tarehe 27 Januari 1894 katika mtaa wa Rogers Park, mjini Chicago. Baba yake alikuwa kinyozi na mama yake mshonaji wa nguo. Walimpa jina la Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkuu wa kupinga utumwa, na ambaye mwaka huo alikuwa bado yu hai. Nyumba za watu weusi mtaani hapo zilikuwa chache mno, na majirani wenye asili ya Kijerumani ndio waliomwita Fritz. Ilikuwa nyumba ya watu waliothamini elimu. Dada yake Naomi alihitimu Chuo Kikuu cha Northwestern, na kaka yake Leslie aliichezea timu ya Chuo cha Dartmouth.

Mwaka 1912 alimaliza shule ya Lane Tech mjini Chicago, na tokea hapo ndipo safari yake ilipoanza. Aligonga mlango wa Northwestern, hakukaa. Akaenda Dartmouth, hakukaa. Akaenda Harvard, hakukaa. Mwaka 1915 alitua Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, kwa msaada wa masomo uliotoka kwa jamaa ya tajiri Rockefeller, akaanza kusomea kemia.

Hapa nataka tutue kidogo. Wako watakaosema kuwa kijana huyu alikuwa kigeugeu, mtanga na njia asiyejua atakalo. Nami sitamtakasa kupita kiasi. Aliupenda mpira kuliko vitabu, na enzi hizo sheria za kuhama zilikuwa legevu, hata vijana wenye miguu myepesi walizunguka vyuoni wakitafuta timu. Lakini tuwe waadilifu. Kwetu pwani, mtafuta ilimu akitoka kwa sheikh huyu akaenda kwa sheikh yule, akavuka bahari mpaka Hadhramaut, hatumwiti kigeugeu. Akirudi twamuuliza amebeba nini. Kwa nini basi kijana mweusi wa mwaka 1912, katika nchi ambayo milango mingi ilikuwa imefungwa kabla hajaigonga, ahesabiwe milango aliyoiacha na asihesabiwe ule aliouingia?

Na ule aliouingia hakutandikiwa zulia. Mwanzoni wachezaji wenzake wa Brown hawakumkaribisha. Alifungua biashara ya kupiga pasi nguo za wanafunzi chumbani mwake, akajipatia riziki huku akingoja zamu yake uwanjani. Zamu ilipofika, hakuna aliyeweza kumkamata. Umbo lake lilikuwa dogo, futi 5 na inchi 9, uzito wa ratili 165 hivi, lakini alijua kupinda mwili na kugeuza njia ghafla, mtu akabaki ameukumbatia upepo.

Msimu huo wa kwanza Brown ilialikwa kwenda California kwa pambano la Rose Bowl la tarehe 1 Januari 1916. Hotelini karani akamnyima Pollard chumba. Wenzake wakasema asipopewa chumba yeye, hawalali wao pia, na chumba kikapatikana. Aliingia uwanjani akiwa mtu mweusi wa kwanza kucheza pambano hilo. Mvua iliugeuza uwanja kuwa tope, na kwenye tope mwenye mbio hana faida. Brown ilishindwa na Washington State 14 kwa 0.

Lakini msimu uliofuata, ule wa mwishoni mwa mwaka 1916, ndio uliomtoa. Yale na Harvard ndizo zilizokuwa fahari ya Marekani katika mchezo huo. Tarehe 11 Novemba Brown iliipiga Yale 21 kwa 6. Baada ya juma moja ikaipiga Harvard 21 kwa 0. Kuzishinda zote mbili katika msimu mmoja halikuwa jambo dogo. Mwisho wa mwaka Pollard alitiwa katika orodha ya wachezaji bora wa nchi nzima iliyotolewa na Walter Camp. Kumbuka, msomaji, kuwa Harvard ilikuwa mmoja wa milango aliyoigonga akaiacha.

Baada ya hapo masomo yalimlemea, akazuiliwa kucheza, naye akakiacha chuo. Vita Vikuu vilipoihusu nchi yake alifanya kazi ya kuwafundisha askari mazoezi ya mwili. Mwaka 1918 akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo cha watu weusi huko Pennsylvania. Mwaka 1919, na kazi hiyo bado anayo, akaanza kucheza kwa malipo mjini Akron, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya matairi. Akawa mtu wa gari la moshi, leo yuko huku, kesho kule.

Mwaka 1920 ndipo ilipoundwa ile ligi ambayo leo dunia inaijua kwa jina la NFL. Akron ilikuwa miongoni mwa timu za mwanzo, ikamaliza msimu bila kushindwa: ilishinda mechi 8, ikatoka sare 3, ikachukua ubingwa. Usidhani watazamaji walimshangilia. Matusi yalimwangukia, na hata mawe. Hakuweza kuvaa jezi yake pamoja na wenzake. Alibadili nguo katika duka la sigara la mmoja wa wenye timu, kisha akapelekwa kwa motokaa mpaka uwanjani, akashuka mchezo unapoanza. Akiangushwa, alijua wapinzani watamrukia kwa makusudi wamvunje. Kwa hivyo alijizoeza kugeuka chali upesi na kuipiga miguu hewani kama apandaye baiskeli, ili atakayemrukia akutane na viatu. Ilikuwa hila ya kuihami roho yake, wala haikufundishwa katika chuo chochote kati ya vile alivyopitia.

Mwaka 1921 akawa kocha wa timu hiyo, na yeye mwenyewe bado anacheza. Mwaka huo huo alimvuta Akron kijana mwingine mweusi, mwenye kimo na sauti nzito, aliyekuwa akisomea sheria New York. Jina lake Paul Robeson. Mwaka 1922 walicheza pamoja tena Milwaukee. Baadaye Robeson aliuacha mpira akawa mwimbaji na mwigizaji mashuhuri, akaishi London, na huko katika miaka ya 1930 alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili chetu kikiwemo. Katika senema yake moja ya mwaka 1935, Sanders of the River, miongoni mwa waliotokea alikuwamo Jomo Kenyatta. Ndivyo dunia ilivyo ndogo.

Mwaka 1923 Pollard alikuwa Hammond, katika jimbo la Indiana, na hapo ndipo alipocheza kama kwotabeki. Akaenda Providence mwaka 1925, akarudi Akron mwaka 1926, na huo ukawa mwisho wake katika ligi kuu.

Hapa hadithi inaingia kiza. Wachezaji weusi walizidi kupungua mwaka baada ya mwaka, na baada ya msimu wa 1933 hakubaki hata mmoja. Haikutangazwa sheria iliyoandikwa. Wenye timu waliacha kuwaajiri, basi. Mlango huo ulibaki umefungwa mpaka mwaka 1946. Pollard hakukaa kulia. Aliunda timu za weusi watupu Chicago, na mwaka 1935 akawa kocha wa nyingine huko Harlem, New York Brown Bombers, iliyobeba jina la sifa la bondia Joe Louis. Alitaka watu waone kwa macho yao kuwa vijana weusi hawakukosekana katika ligi kwa kukosa ustadi. Mwaka huo pia alianzisha gazeti la watu weusi mjini New York, na mimi niliyeila riziki yangu kwa kalamu sikosi kumheshimu kwa hilo. Baada ya gazeti aliingia katika kazi za studio ya wasanii, senema na ushauri wa kodi. Mwanawe, Fritz mdogo, alikwenda Berlin mwaka 1936 akashinda nishani ya shaba katika mbio za kuruka viunzi za mita 110, katika michezo ile ile ambayo Hitler alitaka iwe ushahidi wa ubora wa Wazungu.

Sasa turudi kwenye suala la kutunzwa. Mwaka 1954 Pollard aliingizwa katika orodha ya mashujaa wa kandanda ya vyuo. Mwaka 1981 Chuo cha Brown kilimpa shahada ya heshima, naye ana miaka 87. Lakini ile ligi ya kulipwa, ambayo aliijenga tokea msingi na kupigwa mawe ndani yake, haikumtia katika ukumbi wake wa mashujaa. Alifariki tarehe 11 Mei 1986 katika jimbo la Maryland. Mtu mweusi wa pili kuwa kocha mkuu, Art Shell, aliteuliwa mwaka 1989. Tokea 1921 ni miaka 68, na Pollard hakuiona siku hiyo. Mwaka 2005 ndipo ukumbi ulipomfungulia mlango, miaka 19 baada ya kuzikwa.

Naona sababu mbili za kusahauliwa huko. Ya kwanza ni rangi yake, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni huo uhamaji wenyewe. Aliyekaa mahali pamoja, mahali hapo humtunzia jina lake: shule hutundika picha yake ukutani, mji huita njia kwa jina lake. Mhamaji hugawanya sifa yake vipande vipande, Akron kipande, Hammond kipande, Harlem kipande, na kila mwenye kipande hudhani ni kidogo mno kukihifadhi. Mpaka atokee mtu avikusanye, mwenyewe keshakwenda zake.

Mambo yamebadilika. Tokea mwaka 2018 vyuo vya Marekani vina daftari rasmi la wachezaji wanaotaka kuhama, na tokea 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao. Jalen Hurts, kwotabeki mweusi, alihama Chuo cha Alabama akaenda Oklahoma mwaka 2019. Mwezi wa Februari 2023 alikutana na Patrick Mahomes katika fainali ya NFL, mara ya kwanza kwa pande zote mbili kuanza na kwotabeki mweusi. Ilikuwa miaka mia tokea Pollard alipousimamia usukani wa Hammond.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukimwona kijana wa mtaani anahama shule hadi shule, timu hadi timu, usiwe mwepesi wa kumtupia neno. Muulize kwanza alikotoka alipewa uwanja gani. Na akicheza vizuri, mtunze angali yu hai, hata kama kwao si kwenu.