Mervyn Cowie, mhasibu aliyeipigania Tsavo

MKULIMA wa Mboghoni, kule Taveta, anapoamka alfajiri na kukuta migomba yake imeangushwa na ndovu, huwalaumu maafisa wa wanyamapori. Ni nadra kumsikia akimtaja Mervyn Cowie, ingawa ni vigumu kuieleza historia ya mbuga iliyopakana naye bila jina hilo.

Cowie alizaliwa Nairobi mwaka wa 1909, mji huo ungali kituo kichanga cha reli. Wazazi wake walikuwa walowezi. Alisomea uhasibu Uingereza, na aliporejea mwaka wa 1932 alishtuka kuona jinsi wanyama aliowaacha nyikani walivyopungua. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja na habari za mbuga. Hapo ndipo alipotumia hila ambayo sisi wa magazetini hatuthubutu kuisifu hadharani. Aliliandikia gazeti la East African Standard barua, akajiita Mlowezi Mkongwe, akataka wanyama wote wapigwe risasi hadi waishe ili mashamba na mifugo vistawi. Wasomaji walighadhibika. Walidai wanyama walindwe, wasijue kwamba aliyewachokoza alikuwa upande wao.

Serikali iliunda kamati. Vita Vikuu vya Pili vilichelewesha mambo, lakini sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka wa 1945 na Cowie akakabidhiwa usimamizi. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka uliofuata.

Tsavo ilifuata Aprili 1948, ikiwa na zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Iligawanywa baadaye kuwa Mashariki na Magharibi. Eneo hilo lilipatikana kwa wepesi kwa kuwa lilikuwa kavu, lenye vichaka na mbung'o, na hakuna mlowezi aliyelitamani. Wakoloni waliona kwamba ardhi isiyomfaa mlowezi haina mwenyewe. Hilo halikuwa kweli. Wataita walikuwa na malisho na mawindo yao humo, nao Waata waliishi kwa upinde na mshale tangu enzi za mababu. Sheria mpya iliwageuza kuwa majangili katika nyika yao wenyewe, na msako wa miaka ya 1956 na 1957 uliwapeleka wengi wao gerezani.

Katika kipindi hicho Cowie alikuwa na sauti mahali sheria zilikotungwa, kwani alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia 1951 hadi 1960. Waata hawakuwa na mtu wao humo. Sifa zake nazo zilivuka bahari: filamu ya Where No Vultures Fly, iliyotoka 1951, ilitokana na kazi yake.

Aliondoka mbugani mwaka wa 1966. Mkenya Perez Olindo alishika hatamu, naye Cowie baadaye akalitumikia shirika la madaktari wanaosafiri kwa ndege.

Huenda bila ukaidi wake nyika ile ingekatwa vipande na kuuzwa, na vifaru wachache waliosalia wasingekuwa na pa kukimbilia. Hilo halimpunguzii mwenye migomba hasara yake. Mbuga hizo zimemeza zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Taita Taveta, na viongozi wa huko wamedai kwa miaka mingi mgao wa mapato yake.

Cowie alifariki Julai 1996, akiwa na umri wa miaka 87.