Grant: Rais wa Marekani aliyehukumiwa kwa dhambi za marafiki

KWA miaka mingi, wanahistoria wa Marekani wamekuwa na desturi ya kuwapanga marais wao kwa mujibu wa utendakazi, mithili ya wanafunzi wanaopangwa kwa alama za mtihani. Abraham Lincoln mara nyingi huongoza orodha hizo, naye James Buchanan, aliyemtangulia Lincoln mamlakani, aghalabu huvuta mkia.

Baina ya wawili hao yupo rais ambaye nafasi yake imebadilika pakubwa. Mnamo 1948, mwanahistoria Arthur Schlesinger alipokusanya maoni ya wasomi wenzake, Ulysses S. Grant alitiwa katika kundi la waliofeli pamoja na Warren Harding. Katika utafiti wa shirika la utangazaji la C-SPAN wa mwaka wa 2000, Grant alishika nafasi ya 33 kati ya marais 41. Kufikia 2021, alikuwa amepanda hadi nafasi ya 20 kati ya marais 44.

Mtu aliyefariki mwaka wa 1885 hawezi kupitisha sheria mpya wala kumfuta kazi waziri mfisadi. Kilichobadilika ni vigezo vya wanaompima. Na ili kuelewa ni kwa nini, sharti maisha yake yatazamwe sambamba na ya marais waliomzunguka.

Mwana wa mtengenezaji ngozi

Grant alizaliwa Aprili 27, 1822, katika kijiji cha Point Pleasant, jimbo la Ohio, na kupewa jina Hiram Ulysses. Babake, Jesse Grant, alikuwa mtengenezaji ngozi. Kijana huyo aliichukia kazi ya babake kwa sababu ya damu na uvundo, lakini alikuwa na kipawa adimu cha kufuga na kuendesha farasi.

Mnamo 1839 alijiunga na chuo cha kijeshi cha West Point. Mbunge aliyempendekeza alikosea jina lake na kuandika Ulysses S. Grant, na kosa hilo likamganda hadi kaburini. Alihitimu mwaka wa 1843 akiwa wa 21 katika darasa la wanafunzi 39, kisha akapigana katika vita vya Marekani dhidi ya Mexico vilivyoanza 1846. Baadaye maishani aliviona vita hivyo kuwa dhuluma ya taifa lenye nguvu dhidi ya taifa dhaifu.

Mnamo 1848 alimuoa Julia Dent, binti wa mkulima wa Missouri aliyemiliki watumwa. Miaka sita baadaye, akiwa katika kambi ya mbali California bila mkewe na wanawe, alijiuzulu jeshini huku uvumi ukienea kuwa ulevi ndio uliomponza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alijaribu ukulima ukamshinda, akawa anauza kuni katika mitaa ya St. Louis. Hata hivyo, mnamo 1859, wakati ambapo angeweza kumuuza mtumwa wake William Jones kwa fedha nyingi, alimwachilia huru bila malipo. Mwaka uliofuata alihamia Galena, Illinois, kufanya kazi katika duka la ngozi la babake chini ya wadogo zake. Alikuwa na umri wa miaka 38, na hapakuwa na yeyote aliyemtazamia makuu.

Vita vyampa jina

Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Buchanan. Lincoln alipochaguliwa Novemba 1860, majimbo ya kusini yaliyotegemea utumwa yalianza kujitenga. Buchanan alishikilia kuwa majimbo hayo hayakuwa na haki ya kujitenga, lakini pia kuwa serikali kuu haikuwa na uwezo kisheria wa kuyazuia. Kufikia Februari 1861, kabla Lincoln kuapishwa, majimbo saba yalikuwa yamejiondoa. Ni kwa kutotenda huko ambapo Buchanan anakumbukwa hadi leo.

Vita vilipozuka Aprili 1861, Grant alirejea jeshini. Februari 1862 aliiteka ngome ya Donelson katika jimbo la Tennessee, ushindi mkubwa wa kwanza wa upande wa kaskazini. Julai 4, 1863, mji wa Vicksburg ulisalimu amri kwake baada ya kuzingirwa kwa majuma kadhaa, na mto Mississippi ukawa wazi kwa majeshi ya serikali.

Safari hiyo haikukosa doa. Mnamo Desemba 1862 Grant alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote kutoka eneo lake la kijeshi, kwa kisingizio cha kukomesha magendo ya pamba. Lincoln aliifuta amri hiyo majuma machache baadaye. Grant aliijutia, na alipokuwa rais aliwateua Wayahudi katika nyadhifa za serikali.

Machi 1864 Lincoln alimkabidhi uongozi wa majeshi yote. Vita vya mwaka huo jimboni Virginia viliua wanajeshi wengi kiasi kwamba baadhi ya magazeti yalimwita mchinjaji. Lakini Aprili 9, 1865, Jenerali Robert Lee alisalimu amri kwake katika kijiji cha Appomattox. Masharti aliyotoa Grant yalikuwa ya huruma: wanajeshi walioshindwa waliruhusiwa kwenda makwao na farasi wao ili wakalime.

Siku tano baadaye, Lincoln alipigwa risasi katika ukumbi wa michezo ya kuigiza jijini Washington. Grant na mkewe walikuwa wamealikwa kuandamana naye usiku huo, ila walikataa mwaliko na kusafiri kwenda kuwaona watoto wao.

Johnson aharibu, Grant ajenga

Kifo cha Lincoln kilimpa urais makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee. Hapa ndipo tofauti kati ya kiongozi na mrithi wake ilipodhihirika. Lincoln alikuwa ameanza kuwafungulia njia watu weusi wapate uhuru na, kwa baadhi yao, kura. Johnson aliwasamehe kwa wingi viongozi wa uasi na kuyaachia majimbo ya kusini kutunga sheria zilizowarudisha watu weusi katika hali iliyokaribiana na utumwa. Aidha, alipinga kwa kura ya turufu mswada wa haki za kiraia wa 1866, ingawa Bunge la Congress liliupitisha kwa nguvu. Mnamo 1868 Bunge la Wawakilishi lilimshtaki ili ang'olewe mamlakani, naye akaponea katika Seneti kwa kura moja pekee.

Mwaka huo huo chama cha Republican kilimteua Grant kuwania urais. Alimshinda Horatio Seymour wa Democratic kwa takriban kura 300,000, na miongoni mwa waliompigia kura walikuwamo maelfu kwa maelfu ya watu weusi waliokuwa wakipiga kura kwa mara ya kwanza, wengine wakihatarisha maisha yao. Alipoapishwa Machi 1869 akiwa na umri wa miaka 46, alikuwa rais mchanga zaidi kuwahi kushika wadhifa huo hadi wakati huo.

Grant hakuwasahau wapiga kura hao. Aliunga mkono Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1870, ambayo yalipiga marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huo, Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti. Mwaka huo huo pia Wizara ya Haki iliundwa, na mojawapo ya majukumu yake makuu likawa kupambana na kundi la Ku Klux Klan, lililokuwa likiwaua na kuwachapa viboko watu weusi waliothubutu kupiga kura.

Mnamo Aprili 1871 Grant alitia saini sheria iliyomruhusu kutumia jeshi dhidi ya kundi hilo. Oktoba mwaka huo, katika kaunti tisa za South Carolina, aliondoa kwa muda haki ya mshukiwa kufikishwa mbele ya jaji. Mamia ya watu walikamatwa, huku Mwanasheria Mkuu Amos Akerman, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa upande wa waasi, akiongoza mashtaka. Katika muda mfupi, kundi hilo lilivunjwa nguvu.

Katika mambo ya nje, serikali yake ilisuluhisha mzozo na Uingereza kuhusu meli zilizoundwa huko na kutumiwa na waasi. Badala ya vita, mataifa hayo yalikubali kupelekwa mbele ya waamuzi mjini Geneva, ambao mnamo 1872 waliiamuru Uingereza kulipa dola milioni 15.5.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Grant, aliyeweza kumsoma adui vitani, hakuweza kumsoma rafiki mwenye njama. Mnamo Septemba 1869, matajiri Jay Gould na James Fisk walimtumia shemeji ya rais katika jaribio la kudhibiti soko la dhahabu. Grant alipogundua aliamuru hazina iuze dhahabu, na soko likaporomoka.

Mabaya zaidi yalikuja katika muhula wake wa pili, alioupata 1872. Mnamo 1875 ilifichuka kwamba watengenezaji wa wiski walikuwa wakishirikiana na maafisa wa serikali kukwepa kodi. Waziri wa Fedha, Benjamin Bristow, aliwaandama na zaidi ya watu 100 wakapatikana na hatia. Lakini katibu wa rais mwenyewe, Orville Babcock, aliposhtakiwa, Grant alitoa ushahidi wa kumtetea na Babcock akaachiliwa. Mwaka wa 1876, Waziri wa Vita William Belknap alijiuzulu kwa tuhuma za hongo. Grant mwenyewe hakupatikana ameiba hata senti.

Isitoshe, uchumi ulianguka mwaka wa 1873 na wapiga kura wa kaskazini wakachoshwa na masaibu ya watu weusi wa kusini. Mnamo 1875, wazungu walipotumia ghasia kuteka uchaguzi wa Mississippi, Grant alisita na hatimaye hakutuma jeshi. Kwa wenyeji asilia pia rekodi yake ilikuwa ya pande mbili: alimteua Ely Parker wa kabila la Seneca kusimamia masuala yao, lakini dhahabu ilipopatikana katika milima ya Black Hills, ambayo mkataba wa 1868 uliwahakikishia Wasioux, serikali yake iliwaingiza vitani.

Aliyemrithi, Rutherford Hayes, aliingia mamlakani Machi 1877 baada ya uchaguzi uliozua utata mkubwa. Majuma machache baadaye, wanajeshi waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican huko kusini waliondolewa. Hayes alisifiwa kwa uadilifu na kwa kurejesha utulivu. Gharama ya utulivu huo ilibebwa na watu weusi, ambao hatua kwa hatua walipokonywa kura, na wengi wao hawakuirejesha hadi sheria ya haki ya kupiga kura ilipopitishwa 1965.

Kalamu ya mwisho

Baada ya urais, Grant alizuru dunia kwa zaidi ya miaka miwili, kuanzia Uingereza hadi Misri na Japan. Mnamo 1880 alijaribu kuteuliwa kwa muhula wa tatu lakini chama kikamchagua James Garfield. Kisha akaweka mali yake katika kampuni ya fedha ya New York iliyoendeshwa na Ferdinand Ward, mshirika wa mwanawe. Mei 1884 ilibainika kuwa Ward alikuwa tapeli. Rais huyo wa zamani aliamka tajiri, akalala bila chochote ila deni la dola 150,000 alilokopeshwa na William Vanderbilt.

Mwaka huo huo madaktari waligundua kuwa alikuwa na saratani ya koo. Akihofia kumwacha Julia katika umaskini, alianza kuandika kumbukumbu zake, na mwandishi Mark Twain akakubali kuzichapisha kwa masharti nafuu. Sauti ilipomwishia aliwasiliana kwa vijikaratasi, huku akiendelea kuandika kwa maumivu makali. Alikamilisha kazi hiyo siku chache kabla ya kufariki Julai 23, 1885, huko Mount McGregor, New York. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi, na Februari 1886 mjane wake alipokea hundi ya kwanza ya dola 200,000.

Kwenye mazishi yake, majenerali wa pande zote mbili za vita walilisindikiza jeneza. Hata hivyo, kitabu chake kilihusu vita na kiligusia urais kwa nadra sana. Hivyo aliwaachia wengine kazi ya kuieleza miaka yake minane Ikulu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanahistoria waliomfuata William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia waliieleza enzi hiyo kama kipindi ambapo wazungu wa kusini walionewa. Kwa mtazamo huo, rais aliyetuma jeshi kulinda kura za watu weusi hakuweza kuwa ila kielelezo cha ubovu. Ufisadi wa marafiki zake ukawa ushahidi wa kutosha.

W.E.B. Du Bois aliupinga mtazamo huo mnamo 1935, na baada ya harakati za haki za kiraia za miaka ya 1950 na 1960 wasomi wengi wakaanza kumfuata. Mizani ikageuka. Katika utafiti wa C-SPAN wa 2000, Hayes alikuwa wa 26 na Grant wa 33. Mwaka wa 2021, Grant alikuwa wa 20, na Hayes ndiye aliyeshuka hadi nafasi ya 33. Johnson alikuwa wa pili kutoka mwisho, mbele ya Buchanan pekee.

Ufisadi wa miaka ya Grant haujafutwa vitabuni, wala kilio cha Wasioux. Lakini pembeni mwa kumbukumbu hizo sasa imeandikwa pia habari ya mkulima mweusi wa South Carolina ambaye, kwa miaka michache, alikwenda kupiga kura na kurudi nyumbani salama kwa sababu serikali ya nchi yake iliamua kumlinda.