Okot p'Bitek: Mcheza Mpira Aliyemtetea Lawino

Miongoni mwa watunzi wa Uganda ambao sifa zao zimevuka mipaka, Marehemu Okot p'Bitek yumo katika safu ya mbele. Alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na mama yake mwimbaji na mtungaji wa nyimbo za Kiacholi. Hivyo alilelewa na elimu mbili, ya ubaoni na ya uwanja wa ngoma.

Alisoma Gulu na King's College Budo, akawa mwalimu, na mwaka 1953 akatoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Lakini kilichomvusha bahari ni mpira. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya taifa. Ziara ilipokwisha, yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya mila na jamii Oxford.

Msomi wa namna hiyo angeweza kurudi akiwadharau watu wa kwao. Okot alifanya kinyume. Mwaka 1966 ulitoka utungo wake mashuhuri, Song of Lawino. Lawino ni mke wa kijijini. Mumewe Ocol, aliyesoma, anadharau chakula chake, ngoma zake na wazee wake, tena amemfuata mwanamke mwenye mambo ya kizungu. Lawino hanyamazi, bali anajitetea kwa hoja na kejeli. Baadaye Okot alimpa Ocol naye utungo wake wa kujibu.

Utungo wa Lawino ulianza kwa Kiacholi, ingawa Kiingereza kilitangulia kuchapwa. Kiacholi kilifuata mwaka 1969, na mwaka 1975 ukatoka kwa Kiswahili kwa kazi ya Paul Sozigwa. Watunzi wengine, kama Okello Oculi na Joseph Buruga, waliifuata njia hiyo.

Kuanzia 1966 hadi 1968 Okot aliongoza Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala. Alipokosana na serikali ya wakati ule, alikwenda kufundisha Kenya. Alirejea Makerere mwaka 1982, akafariki mwaka huo huo.

Ndugu askari, kazi yako hukupeleka kulinda watu ambao lugha yao si yako na ngoma zao huzijui. Ocol alikuwa na elimu, ila alikosa heshima, na nyumba yake ikakosa amani. Anayewalinda watu asiwadharau.