Gaitán: Wakili wa makabwela aliyezimwa akinusia Ikulu

NOTI ya peso 1,000 ya Colombia iliyoanza kutumika 2001 ina sura ya mwanamume ambaye hakuwahi kuwa rais wala jenerali. Alikuwa wakili. Jina lake Jorge Eliécer Gaitán, na siku alipouawa, jiji la Bogotá liliwaka moto.

Swali ni hili: wakili mmoja alipataje kupendwa kiasi hicho? Na mbona mapenzi hayo yote hayakutosha kuiokoa nchi yake?

Gaitán alizaliwa Bogotá, Januari 23. Kuhusu mwaka, vitabu vinapishana: vingine vinasema 1898, vingine 1903. Baba yake aliuza vitabu vikuukuu na mama yake alikuwa mwalimu. Pesa hazikuwepo, lakini vitabu vilikuwepo. Mabwanyenye wa mji walimkejeli kwa weusi wa ngozi yake. Wafuasi wake baadaye waliligeuza tusi hilo kuwa jina la mapenzi.

Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Taifa, akahitimu 1924 kwa tasnifu kuhusu fikra za kijamaa nchini Colombia. Kisha akaenda Roma, Italia, kusomea sheria ya jinai chini ya Enrico Ferri, profesa aliyesifika kote Ulaya wakati huo. Aliporudi nyumbani 1928, angeweza kabisa kujifungia ofisini atafune pesa za wateja matajiri. Hakufanya hivyo.

Desemba mwaka huohuo, wafanyakazi wa mashamba ya ndizi karibu na pwani ya Karibi walikuwa kwenye mgomo. Mwajiri wao alikuwa United Fruit Company, kampuni ya Kimarekani. Madai yao hayakuwa makubwa: kandarasi za maandishi, siku sita za kazi kwa wiki, na kulipwa pesa taslimu badala ya vikaratasi vilivyokubalika tu kwenye maduka ya kampuni. Serikali ikatuma jeshi. Usiku wa kuamkia Desemba 6, katika mji wa Ciénaga, wanajeshi wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika. Jenerali aliyetoa amri alikiri vifo 47. Wenyeji walisema waliokufa ni wengi kuliko hao, tena kwa mbali.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka wa 1929, akiwa mbunge mpya, Gaitán alisafiri mwenyewe hadi kule kwenye ndizi. Alihoji manusura, akakusanya stakabadhi, akaandika kila kitu kama wakili anayejiandaa kwa kesi. Septemba akasimama bungeni na kuieleza nchi, siku baada ya siku, yaliyotendeka. Watu walifurika kumsikiliza. Mwaka uliofuata, chama cha Conservative kilichotawala kwa zaidi ya miongo minne kikabwagwa na Liberal, chama chake Gaitán.

Hapo ndipo ilipo siri yake. Siasa kwake ilikuwa kesi na mteja wake alikuwa mwananchi wa chini. Wengine walihutubu kwa Kihispania cha maktaba; yeye aliongea lugha ya sokoni, na watu walihisi kwamba kuna mtu anayewatetea kortini.

Lakini si kila hatua ilimwendea sawa. Mnamo 1933 aliunda chama chake, UNIR. Kufikia 1935 kilikuwa kimekufa, naye akarejea Liberal. Juni 1936 aliteuliwa meya wa Bogotá. Alihangaikia usafi wa mji na chakula cha watoto shuleni, halafu akataka madereva wa teksi na mabasi wavae sare. Wakagoma. Februari 1937 akatimuliwa. Hebu fikiria: mtetezi wa wafanyakazi kung'olewa kwa mgomo wa wafanyakazi! Aliwatakia mema, lakini hakuwauliza kwanza.

Baadaye alikuwa Waziri wa Elimu, 1940, akapigania watu wazima wajue kusoma na wanafunzi maskini wapate viatu. Mwaka huohuo alianzisha maonyesho ya kitaifa ya wasanii. Mnamo 1943 akapewa wizara ya leba.

Kisha ukaja uchaguzi wa urais wa 1946. Liberal ikagawanyika: wakubwa wa chama walimtaka Gabriel Turbay, makabwela wakamtaka Gaitán. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Turbay alipata takriban kura 441,000 na Gaitán 359,000. Mariano Ospina Pérez wa Conservative akapita katikati yao kwa kura kama 566,000. Piga hesabu mwenyewe.

Badala ya kumfifisha, kushindwa huko kulimpa nguvu. Kufikia mwisho wa 1947 ndiye aliyekuwa kinara pekee wa chama, na wengi waliamini Ikulu ni yake 1950. Wakati huo vijijini watu walikuwa wakiuana kwa sababu ya vyama. Februari 7, 1948, Gaitán aliita maandamano ya kimya jijini Bogotá. Makumi ya maelfu walijaa uwanja mkuu wakiwa na bendera nyeusi. Hakuna aliyepiga kelele wala makofi. Alimwomba rais akomeshe mauaji, kisha umati ukarudi nyumbani kimyakimya. Wapinzani waliogopa kimya kile kuliko kelele zozote.

Usiku wa kuamkia Aprili 9 alikuwa kortini akimtetea mwanajeshi aliyeshtakiwa kumuua mwanahabari. Alishinda kesi, watu wakambeba juu juu. Ndiyo, yule aliyewahi kulishtaki jeshi bungeni sasa alimtetea mwanajeshi. Kazi ya wakili ndivyo ilivyo.

Mchana huo, kama saa saba, alitoka ofisini na marafiki kwenda kula. Akapigwa risasi mlangoni. Kijana aliyeshukiwa, Juan Roa Sierra, aliuawa na umati palepale, hivyo hakuhojiwa na mahakama yoyote. Hadi leo Wacolombia wanabishana ni nani aliyemtuma, au kama alitumwa kweli.

Saa chache baadaye tramu zilikuwa zinateketea, maduka yameporwa na maiti zimelala barabarani. Umati uleule uliokaa kimya miezi miwili awali sasa haukuwa na wa kuuambia tulia. Katika miaka kumi hivi iliyofuata, takriban watu 200,000 waliuawa nchini humo.

Kwa kijana anayependa siasa, hapa pana la kuokota. Gaitán aliwapa maskini sauti, lakini sauti hiyo ilikaa kwenye koo moja. Risasi zilipomfikia, hakukuwa na mwingine wa kushika usukani. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe cha wakili hodari vipi. Ukimpenda kinara wako, sawa, mshangilie. Ila jiulize pia: akiondoka kesho, ni nani anayeijua kesi yetu?