Kipofu aliyeona machungu ya mnyama

Kila inapokaribia Idd el-Hajj namkumbuka mtu mmoja ambaye, lau angekuwa jirani yetu, wengi wetu tungemsema vibaya. Kwa zaidi ya miaka 40 hakula nyama. Hakula mayai, hakunywa maziwa, wala hakulamba asali. Naye hakuwa mtu wa pembeni. Alitoka katika ukoo wa makadhi, na ni miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha ya Kiarabu. Huyo ni Abul-Alaa al-Maarri.

Nitangulize kusema, nisije nikaeleweka vibaya: mimi nyama nakula, na sina nia ya kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu (SW). Lakini maisha ya mtu huyu yana swali ambalo sisi walaji hatujalijibu.

Al-Maarri alizaliwa mwaka 363 Hijria, sawa na 973 Miladia, katika mji wa Maarrat al-Numan, kusini ya Halab, nchi ya Sham. Akiwa na umri wa miaka minne alipata ndui, ikamharibu macho akawa kipofu. Mwenyezi Mungu akamfidia kwa kumbukumbu ya ajabu. Alipofikia utu uzima alikwenda Baghdad, kitovu cha elimu wakati ule, lakini hakuweza kuishi kwa kuwasifu matajiri kama walivyofanya washairi wengi. Akapata habari kuwa mama yake ni mgonjwa. Akafunga safari kurudi nyumbani, na kabla hajafika, mama akafariki.

Tangu hapo, mwaka 1010, alijifungia ndani. Alijiita mfungwa wa jela mbili: upofu na nyumba yake. Hakuoa. Hata hivyo watu walimfuata huko huko. Msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, aliyepita mji huo mwaka 1047, ameandika kwamba wanafunzi zaidi ya 200 walikuwa wakimwendea, na mwenyewe akiishi kwa mkate wa shayiri.

Hoja yake ya kuacha nyama ilikuwa nyepesi kueleweka. Mnyama anasikia maumivu. Maziwa mama aliwekewa ndama wake. Asali nyuki kaikusanya kwa jasho lake, hakuikusanyia wengine. Inasimuliwa kuwa aliwahi kuugua, tabibu akamwagizia kuku. Alipompapasa yule kuku aliyepikwa, akamwambia kwamba wamemuagizia yeye kwa sababu wamemuona mnyonge; mbona hawakuagiza mtoto wa simba?

Habari zake zikafika Misri. Al-Muayyad al-Shirazi, mlinganiaji mkuu wa dola ya Fatimiyya, akamwandikia barua kumhoji. Alimkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama wengine wale wengine, ni Mwenye huruma kuliko kiumbe yeyote. Al-Maarri hakujibu kwamba nyama ni haramu. Alijibu kuwa mcha Mungu anaweza kuacha hata kilicho halali, na kwamba yeye ni mtu wa kipato kidogo, dengu na maharage yanamtosha. Alipotaka kuongezewa riziki, alikataa.

Alifariki mwaka 1057. Baadhi ya mashairi yake yaliwafanya wanazuoni wamtuhumu uzindiki. Wengine, kama mwanahistoria Ibn al-Adim wa Halab, walimtetea. Hayo mimi namwachia Mola wake.

Katika hukumu, naona al-Muayyad alikuwa na haki. Lakini je, ndugu zangu, hukumu ya uhalali ndiyo mwisho wa maneno? Mtume (SAW) ametuamrisha tunoe kisu na tumpe raha mnyama tunayemchinja. Ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, na za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Dini iliyoruhusu nyama ndiyo hiyo hiyo iliyoweka masharti haya.

Sasa tutazame tunayofanya. Kuku wananing'inizwa miguu juu kwenye baiskeli, jua kali, kutwa nzima. Mbuzi wa Idd anafungwa miguu na kutupwa ndani ya buti la gari. Nimewahi kusimama alfajiri katika machinjio moja, nikaona ng'ombe amefungwa pembeni akimtazama mwenzake anachinjwa, na kisu kinanolewa mbele ya macho yake. Mchinjaji alisoma Bismillahi kwa sauti nzuri kabisa. Sote tuliokuwapo tuliitikia kwa moyo mkunjufu, tukanunua nyama tukaenda zetu. Nami nilikuwamo.

Tumeifanya Bismillahi kuwa ruhusa ya kusahau yote yaliyotangulia kisu. Kama hatutaki kumfuata al-Maarri, na hatulazimiki kumfuata, basi tusiwe chini ya kiwango tulichowekewa na Mtume wetu. Tumuulize muuza nyama mnyama wake ameletwaje. Tumlipe mchinjaji vizuri ili asiwe na haraka. Na katika Idd ijayo, tuwatenge wanyama, mmoja asimuone mwenzake.

Ni aibu iliyoje, mtu asiye na macho ayaone machungu ya kuku mezani, na sisi wenye macho tusiyaone ya ng'ombe aliye mbele yetu.

Wabillahi tawfiq.